Vina, Mizani na Bahari: Jinsi Shairi Linavyopimwa kwa Sikio

Kila msimu wa mashindano ya kughani mashairi shuleni unapowadia, mabishano yaleyale hurudi Mombasa. Mtoto hupanda jukwaani akaghani shairi ambalo mishororo yake haikulingana wala haikufungwa kwa vina, ukumbi ukampigia makofi, na wakati wa kutoka mzazi mmoja akamwambia mwenziwe kwamba lile halikuwa shairi bali insha iliyokatwakatwa. Mwenziwe humjibu kwamba mambo yamebadilika, vina na mizani ni vya wazee. Wa tatu huongeza kwamba sheria zenyewe si zetu, zilikuja na majahazi kutoka Uarabuni. Nimeyasikia mabishano haya mara nyingi, na kinachonisikitisha si kwamba watu wanabishana, maana ushairi wa mji huu umekulia katika kujibizana. Kinachonisikitisha ni kwamba wote watatu wanayataja maneno kina, mizani na bahari, kila mmoja kwa maana yake, na hakuna anayemuuliza mwenziwe amekusudia nini.

Tuanze na kitu ambacho kila nyumba ya mji huu inacho. Anayekwenda Biashara Street kununua leso, yaani khanga, hununua doti, yaani vipande viwili vilivyo sawa kwa urefu, upana na nakshi. Kila kipande kina pindo linalozunguka kingo zote, kina mji, yaani uwanja wa katikati, na kina jina, yale maneno yanayosomwa na anayepita nyuma ya mvaaji. Muuzaji akikupa doti ambayo kipande kimoja kimepungua shubiri, utaikataa. Pindo likikatika upande mmoja likageuka rangi, utaikataa pia. Sasa ubeti wa shairi la kimapokeo umefumwa hivyohivyo. Urefu unaolingana wa vipande ndio mizani. Pindo linalojirudia kingoni ndilo vina. Jina ndilo ujumbe, na kwa ajili ya jina hilo ndipo watu huinunua leso, ingawa hakuna anayelinunua jina likiwa limechapwa kwenye gunia.

Istilahi chache zatosha kutuvusha. Silabi ni pigo moja la sauti, kwa kawaida konsonanti pamoja na irabu yake, kama ba, ku au she. Mizani ni hesabu ya mapigo hayo katika mshororo. Mshororo ni mstari mmoja wa shairi, nao mara nyingi hugawanywa vipande viwili kwa kituo kifupi cha pumzi kinachoandikwa kwa alama ya mkato: kipande cha kwanza huitwa ukwapi, cha pili utao. Ubeti ni fungu la mishororo. Kina ni silabi ya mwisho ya kipande inayojirudia chini yake, mshororo baada ya mshororo. Nimetunga ubeti huu ili tuwe na kitu cha kushika mkononi:

Nimesimama Likoni, nangoja feri kuvuka,
Tumejazana foleni, na jua kali lawaka,
Mzigo upo kichwani, jasho nalo lanitoka,
Nahodha wangu chomboni, hebu nivushe haraka.

Kila kipande kina mizani 8, kila mshororo una mizani 16. Kina cha kati ni ni, cha mwisho ni ka. Hili ndilo umbo ambalo watu wengi wa pwani huliwazia wanaposikia neno shairi, na ndilo lililotawala tungo za Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa nusu ya kwanza ya karne ya 19, ambaye mara nyingi husifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni.

Hapa kwenye kuhesabu mizani ndipo wanafunzi wengi wanapozama, kwa hivyo tukae kidogo. Mzee mmoja wa Kibokoni, ambaye sote vijana wa mtaa tulimwita ami, hakuwahi kuhesabu mizani kwa kalamu. Alikuwa akifumba macho, anagusisha kidole gumba cha mkono wa kulia kwenye ncha za vidole vinne, kwenda na kurudi: kwenda ni nne, kurudi ni nne, jumla nane, na ukwapi umekwisha. Kisha anahamia mkono wa kushoto kwa utao. Kidole gumba kikifika nyumbani kabla ya neno kuisha, mshororo umezidi. Neno likiisha kidole kikiwa njiani, mshororo umepunguka. Siku moja msichana wa jirani alimletea daftari lenye mshororo unaoanza, "E mgeni wetu karibu." Ami akamwambia, "Mwanangu, taja huku waguse vidole." Akataja, na pigo moja likabaki halina kidole. Msichana akasema kwamba kwenye karatasi alipata nane barabara. Kumbe alikuwa ameihesabu mgeni kuwa silabi mbili, mge na ni, akaona mshororo umepungukiwa, ndipo akaongeza ule mwito wa e mwanzoni. Alipotaja tena bila mwito, m, ge, ni, we, tu, ka, ri, bu, kidole kikatua mahali pake.

Kosa lake ni kosa la macho. Jicho huona herufi mbili zisizo irabu zikifuatana na kudhani ni pigo moja, ilhali sikio la Mswahili linajua kwamba m ya mgeni, mzigo, mtoto au Mvita husimama peke yake na kuchukua pigo lake. Mvita ni mizani 3, sawa na Mombasa. Lakini m ya mbuzi au mbegu haisimami. Imeshikana na b, na neno zima ni mizani 2. Vivyo hivyo n ya ndizi imeshikana, bali n ya nchi na ya nge inajitegemea, kwa sababu maneno hayo ni mafupi mno na pasipo pigo hilo yasingepata mahali pa kuwekea mkazo. Kwa sababu iyo hiyo mbwa na mbu ni mizani 2 kila moja. Kuna mfano mmoja ninaoupenda kuliko yote. Sema "mtu mbaya," kisha sema "nyumba mbaya." Herufi ni zilezile, lakini katika mtu mbaya neno la pili ni m, ba, ya, mizani 3, na katika nyumba mbaya ni mba, ya, mizani 2. Ndege aitwaye mbuni ni mizani 2. Mti wa kahawa uitwao mbuni ni mizani 3. Karatasi haiwezi kukuonyesha tofauti hii, mdomo unaweza.

Maneno tuliyoyapokea kutoka lugha nyingine hufuata njia hiyohiyo ya kusikiliza. Konsonanti iliyobaki bila irabu hupewa pigo lake: maktaba ni ma, k, ta, ba, mizani 4, labda ni la, b, da, mizani 3. Irabu mbili zinazofuatana ni mapigo mawili, kwa hivyo kaa ni mizani 2 na Kongowea ni mizani 4.

Tuje kwenye kina. Dhana iliyoenea ni kwamba maneno mawili yakiishia kwa irabu moja basi yana kina kimoja. Hilo halitoshi. Kina ni silabi nzima, na konsonanti lazima ilingane. Kuvuka na haraka vinafungana kwa ka. Kuvuka na kusoma havifungani, hata kama vyote vinaishia kwa a. Baba na kamba havifungani katika sikio lililozoea, kwa sababu cha kwanza ni ba na cha pili ni mba, wala dada hafungani na panda. Mtunzi asiyelijua hili huandika vina vinavyopendeza machoni na kumkwaza msikilizaji bila yeye kujua kwa nini.

Mombasa kuna jambo zaidi. Alfabeti tunayoitumia ina t moja tu, lakini Kimvita, lahaja ya Mombasa, kina t mbili: moja ulimi hugusa meno, nyingine ulimi hupanda kwenye ufizi. Anayekisema Kimvita cha kurithi huzitenga bila kufikiri, na kwa sikio la namna hiyo vina viwili vinavyoandikwa ta na ta vinaweza kuwa vina tofauti. Hali kadhalika pumzi: paa la nyumba na paa wa porini yameandikwa sawa, lakini la pili hutoka na pumzi ya ziada kwenye p. Nalitaja hili kwa sababu kijana wa leo akisoma diwani za kale za mji huu kwa matamshi ya redio na televisheni hupoteza sehemu ya ufundi uliomo, kisha akaamini kwamba ufundi wenyewe haukuwapo.

Mkazo nao una kazi yake. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, maana yake ni kwamba silabi ya kina, ile ya mwisho, hutamkwa kwa ulaini. Kina chetu hakigongi kama nyundo. Kinarudi kama wimbi dogo, na nguvu yake hutokana na kurudi mara nyingi. Baadhi ya watunzi hulinganisha pia irabu inayotangulia kina, kwa mfano kuvuka, kuzuka na kushuka, na hapo wimbi huongezeka. Mtindo huo haulazimishwi na sheria yoyote, lakini anayeusikia ukighaniwa hatahitaji kuelezwa uzuri wake.

Sasa majina. Idadi ya mishororo katika ubeti ndiyo inayoleta tathnia kwa miwili, tathlitha kwa mitatu, tarbia kwa minne, takhmisa kwa mitano na tasdisa kwa sita. Mpangilio wa vina kutoka ubeti hadi ubeti huleta majina mengine: vina vyote vikidumu tangu mwanzo hadi mwisho ni mtiririko, vyote vikibadilika kila ubeti ni ukaraguni, upande mmoja ukidumu na mwingine ukibadilika ni ukara. Shairi moja linaweza kuwa tarbia na pia ukaraguni bila ugomvi wowote, kama mtu anavyoweza kuwa mrefu na pia mvuvi. Wanafunzi hudhani ni lazima wachague moja. Pia si kila mshororo wa mwisho ni kibwagizo: ukirudiwa katika kila ubeti ndipo unaitwa kibwagizo au kiitikio, usiporudiwa huitwa kimalizio au kituo.

Neno linalochanganya kuliko yote ni bahari. Katika mazungumzo ya utungaji lina maana angalau mbili. Kwanza ni aina ya utungo, ndiyo maana tunasema ushairi una bahari nyingi: shairi, utenzi, wimbo, kimai cha mabaharia, wawe wa wakulima na nyinginezo. Pili ni kile kina cha mwisho kinachodumu katika utenzi mzima. Utenzi, au utendi kama wasemavyo wa Lamu, haupimwi kwa urefu wake, ingawa watu wengi huueleza kuwa ni shairi refu. Tofauti iko kwenye umbo. Mshororo wake haukatwi katikati kwa kituo, kwa kawaida una mizani 8 tu, mishororo mitatu ya kwanza hufungana yenyewe kwa yenyewe, na wa nne hubeba kina kinachorudi mwisho wa kila ubeti:

Nimefika kivukoni,
Nikaingia foleni,
Na mzigo u kichwani,
Feri nayo yachelewa.

Tukamuona mzee,
Asemaye tungojee,
Meli kubwa ipitie,
Ndipo tutaruhusiwa.

Vina vitatu vimegeuka kutoka ni kuwa e, lakini wa ya mwisho imebaki, na ingebaki hata kama safari hii ingekuwa na beti 500. Hiyo wa ndiyo bahari ya utenzi huu. Msikilizaji aliyeketi barazani usiku akisikiliza kisa kirefu hushikwa mkono na sauti hiyo. Kila inaporudi anajua ubeti umefungwa na mwingine unafunguliwa. Umbo hili jepesi ndilo lililobeba visa vya vita, sira za mitume na wosia wa nyumbani, ukiwemo utendi ambao Mwana Kupona aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake.

Je, ni kweli kwamba sheria hizi ni za Waarabu? Majina mengi ni ya Kiarabu: mizani, bahari, arudhi, tarbia, takhmisa. Wala hakuna haja ya kuona haya kwa hilo katika mji uliofanya biashara na ng'ambo kwa karne nyingi. Lakini tazama kinachopimwa. Arudhi ya Kiarabu, yaani kanuni zake za kupima mashairi, hupima mpangilio wa silabi ndefu na fupi. Ushairi wa kimapokeo wa Kiingereza hupima mpangilio wa silabi zenye mkazo na zisizo na mkazo. Kiswahili huzihesabu silabi zote sawa, kila moja pigo moja, kwa sababu ndivyo lugha yenyewe inavyotamkwa. Mtu anaweza kununua kibaba kilichofinyangwa mbali akapimia mpunga wa shamba lake. Kibaba ni cha kuja, mpunga haukuja. Na kabla ya kitabu chochote cha sheria, methali zetu zilikwisha kuijua mizani. "Haraka haraka haina baraka" ni mizani 6 kwa 6, na ka imefunga pande zote mbili. Hata hivyo hakuna anayeiita methali hiyo shairi, na hili linatupa jibu kwa dhana nyingine, kwamba chochote chenye vina ni shairi. Matangazo ya redio yana vina. Ushairi unahitaji pia fikira iliyokunjwa vizuri, picha, na neno lililochaguliwa miongoni mwa mengi.

Wapo wanaokutana na maneno kama alonipenda au afiya katika shairi wakadhani mtunzi hajui kuandika. Huo ni uhuru wa mshairi, nao una mipaka yake. Kufupisha aliyenipenda kuwa alonipenda, ili mizani ipungue, huitwa inkisari. Kurefusha afya kuwa afiya, ili mizani 2 ziwe 3, huitwa mazida. Kugeuza dunia kuwa duniya, ambapo hesabu haibadiliki lakini kina kinatoka a na kuwa ya, huitwa tabdila. Mtunzi wa Mombasa anayeandika ndia badala ya njia, au mato badala ya macho, hafanyi hata moja kati ya hayo. Anasema lahaja yake. Msahihishaji anayemwekea alama nyekundu ndiye anayestahili kuelezwa.

Limebaki swali la mtoto wa jukwaani. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi, na kwa muda mrefu wengi walishikilia kwamba pasipo vina na mizani hapana shairi. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, akaandika mashairi yasiyofungwa hivyo, mabishano makali yalizuka baina ya wanamapokeo na wanausasa, na tunayoyasikia mlangoni mwa ukumbi wa shule ni mwangwi wake. Upande mmoja ulisema vina vinamfunga mtunzi asiweze kusema analotaka. Siwezi kulikubali hilo nikimkumbuka Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa aliyefungwa gerezani kutoka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya siasa, na ambaye humo gerezani alitunga kwa vina na mizani kamili tungo zilizochapishwa mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki. Umbo halikumziba mdomo. Nadhani lilimsaidia kusimama. Lakini upande wa pili nao ulikosea uliposema kwamba shairi huru halina kazi ya sauti. Lina takriri, yaani kurudia neno au sauti kwa makusudi. Lina mwahala mwa kunyamaza. Lina urefu wa mishororo unaobana au kuachia pumzi. Asiye na sikio hawezi kulitunga vizuri, na mara nyingi linamfichua upesi zaidi, kwa kuwa hakuna kina cha kumsitiri.

Tuirudie ile safari ya Likoni bila pindo la leso:

Feri
imekuja, imekwenda,
imekuja, imekwenda,
nami
nimesimama.

Hapana vina vilivyopangwa, na mishororo haikulingana. Ila neno nami, ambalo ni mizani 2 tu, limeachwa peke yake mstarini kama abiria aliyebaki gatini, na m inayojirudia katika nami na nimesimama inamzuia msomaji asipite haraka. Kisha gusa vidole kama alivyokuwa akifanya ami, kwenda na kurudi, kwenye ule mshororo unaojirudia: i, me, ku, ja, i, me, kwe, nda.

Ni nane.